Kabla Hajaweka Mkono Kichwani Pako

Mwanangu Lwitiko,

Habari za blanketi, soksi na mafuta ya kupaka shangazi yako amekwisha kuzimaliza, tena kwa sauti kubwa. Nadhani Mahongole nzima inajua utavaa nini huko chuo cha uinjilisti. Mimi nimebaki na neno lako la mchana. Nilikuwa nachambua maharage, ukaja ukasimama mlangoni kama mtu aliyevunja sahani, ukasema, "Mama, kesho asubuhi kwenye sala ya kuniaga nimemwomba Baba Eliya aje. Yeye ndiye ataniwekea mkono kichwani."

Nikakuuliza, "Mkono upi?"

Ukaokota harage lililoanguka. Halafu ukasema, "Mama, ndiye mzee wetu wa kanisa. Nikimruka, watu watasema mwinjilisti ameanza kazi na chuki. Na mimi nimeshamsamehe."

Nilirudi kwenye maharage yangu, nawe ukatoka ukidhani mama amekubali. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu shangazi yako alikuwa chumbani anasikiliza, na kwa sababu maneno yaliyonijia mdomoni hayakuwa ya kumwambia mtoto anayesafiri. Nimeona niandike. Kwenye karatasi hasira yangu inakwenda taratibu kidogo, na wewe utaweza kuisoma bila kuniangalia usoni.

Siku ile ulikuwa shuleni, darasa la saba, kwa hiyo unachokijua ni cha kuambiwa, na waliokuambia walikipunguza makali. Baba Eliya alitaka kuchoma shamba lake apande ulezi. Shamba lile linapakana na kipande chetu cha paini, ile miti ambayo baba yako aliipanda mwaka tuliooana, kabla hata hatujawa na kitanda cha maana. Jana yake baba yako alimfuata mpakani, mimi nikiwepo, nimebeba kuni. Akamwambia, "Ndugu yangu, ngoja jioni upepo utulie. Fyeka mpaka kwanza. Halafu tuite, tuje na matawi tusimame wote." Baba Eliya akasema sawa. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema sawa.

Kesho yake, jua likiwa utosini na upepo unapeperusha mabati, akawasha. Hakufyeka mpaka wala hakumwita mtu. Moto ukapanda kilima na kuingia kwenye paini, na paini ikiwaka haiulizi. Baba yako alikuwa ananoa jembe. Alilitupa, akavunja tawi la mwati, akakimbia. Nilimwita. Akasema, "Nakuja," bila kugeuka.

Walimtoa jioni. Hakuwa ameungua sana, ni moshi uliomuua. Nilimwosha uso mwenyewe, na masizi yalikuwa yameingia hadi ndani ya masikio. Nilitumia ncha ya kanga yangu. Kanga ile sijaifua mpaka leo, iko kwenye sanduku, na usiniulize kwa nini.

Walipoitisha kikao cha kijiji, mwenyekiti alimuuliza Baba Eliya imekuwaje. Alisimama, akavua kofia yake, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Jamani, moto hauna mwenyewe. Ulikuwa upepo." Basi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Watu wakatikisa vichwa, wakasema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, na kikao kikafungwa kwa sala. Aliyeombwa kufunga ni yeye. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu nikamsikiliza akimwambia Mungu anifariji. Miaka miwili baadaye wakamchagua mzee wa kanisa.

Hayo ndiyo unayosema umeyasamehe. Umesamehe fungu lako, mwanangu, na ni haki yako. Fungu langu halimo mfukoni mwako. Huko unakokwenda watakufundisha kusimama makaburini uwaambie wafiwa wafurahi, na wewe una sauti nzuri, watu watakuamini. Ndiyo maana nataka ujue mama yako alivyofurahi, maana nilifurahi mara mbili. Furaha moja ilikuwa mbovu na nyingine nzuri, na wakati wa zote mbili nilikuwa namchukia mtu yuleyule.

Wakati wa matanga wafariji walinijia kwa foleni. Dada mmoja wa umoja wa wanawake alinishika mikono akaniambia nisilie, baba yako sasa anaimba na malaika. Nilimtazama. Baba yako alikuwa anaimba hapahapa, sauti ya nne, kwenye benchi la nyuma, na hakuwa amelalamika hata siku moja kwamba waimbaji wenzake si malaika. Mwinjilisti naye akahubiri kwamba mkristo wa kweli hufurahi msibani. Mke wake alikuwa amekaa karibu naye, mzima, anapepea nzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilitamani kumrushia sufuria ya chai, na kilichonizuia ni kwamba sufuria ilikuwa ya kuazima.

Sasa furaha ya kwanza. Unaujua mnada wetu wa baada ya ibada, vile vitu watu wanavyotoa sadaka, kuku, mayai, kabichi, debe la viazi, vinavyonadiwa pale nje. Unajua pia kwamba kwetu sadaka ya mtu haiachwi chini. Hata kama ni boga lililooza upande, mtu atalinunua, kwa heshima ya aliyelitoa. Nilikaa nikalifikiria hilo wiki nzima nikipalilia. Halafu nikaanza kuzunguka kwa wanawake, mmoja mmoja, kisimani, shambani, mashineni tunaposaga. Sikuwaambia mengi. Niliwaambia tu, "Kikinadiwa cha nyumba ile, mimi sitanyoosha mkono." Wao wakamalizia wenyewe. Walikuwa wanangoja mtu awaambie cha kufanya na uchungu wao.

Jumapili ile Mama Eliya alileta njegere kwenye kikapu, amezimenya zote, amezifunika na kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mnadi akakiinua kikapu juu, akatania kama kawaida yake, akasema hizi ukila hata mkwe anakupenda. Kimya. Akasema, "Jamani, nani anaanza?" Kimya. Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Akarudia, na safari hii utani ulikuwa umemwishia. Mwishowe Baba Eliya mwenyewe akanunua, na mke wake akakibeba kikapu kichwani akarudi nacho nyumbani. Sadaka ikarudi ilikotoka, na kila mtu aliiona ikipita barabarani.

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni mwanangu na hujawa mwinjilisti bado. Nilifurahi. Mchana ule nilisonga ugali nikaula wote, mara ya kwanza tangu tuzike. Nililala vizuri. Na Jumapili iliyofuata tukafanya tena, na iliyofuata, msimu mzima wa mvua. Nilikuwa nawahi kanisani. Mchungaji alinisifu kwa uaminifu wangu katika ibada, na mimi nikamwitikia kwa unyenyekevu, lakini akili yangu ilikuwa nje kwenye mnada.

Ila furaha ile ilikuwa kama ulanzi. Jumapili nimelewa, Jumatatu kichwa kinaniuma, Jumanne nataka tena, na ule wa wiki iliyopita hautoshi. Ikabidi nitafute cha kuongeza. Nikaacha kuitikia salamu ya Mama Eliya. Alikuwa akinikuta njiani ananiambia "Kamwene, dada," nami napita kama nimepishana na mti. Alikonda. Niliona anavyokonda, nikajisemea, vizuri, na wakonde wote mle ndani.

Siku moja alinisubiri mashineni. Tulikuwa wawili tu, wengine wamekwisha kusaga. Hakulia wala hakupiga magoti. Alisema, "Dada, mimi sikuwasha moto. Nilimwambia asiwashe. Nilimshika hata shati. Unanipiga mimi kwa sababu mimi ndiye ninayebeba kikapu."

Nikamwambia, "Basi aseme."

Akasema, "Kwangu ameshasema. Ndani ya nyumba anasema, mimi ndiye, mimi ndiye. Nje hawezi."

Nikabeba unga wangu nikaondoka. Lakini lile la kikapu lilinishika. Nilikuwa nimempiga mtu aliyekuwa upande wangu siku ileile, kabla hata mimi sijajua kuna upande. Jumapili iliyofuata alileta mayai, na mnadi alipouliza nani anaanza, nilinyoosha mkono. Wanawake wenzangu walinigeukia kama nimewasaliti, na kwa kweli niliwasaliti, maana mimi ndiye niliyewafundisha. Kosa hilo nimeshamwomba radhi Mama Eliya. Alinipokea kwa shida, na ana haki. Ukiwa na hasira, mwanangu, uwe na shabaha. Hilo ndilo nililojifunza pale, na sitaki ulihubiri, nataka ulijue tu.

Usidhani baada ya hapo nilipoa. Kwa mke nilipoa. Kwa mume nilizidi, kwa sababu sasa nilijua anajua. Na sikuwa na mnada tena wa kunisaidia. Nikaamua kumlaani.

Hili sijamwambia mtu. Asubuhi moja, kabla ya kwenda kupanda viazi, nilipanda hadi kwenye kile kipande chetu, pale visiki vyeusi, nikasimama pale walipomkuta baba yako. Nilitaka nimwambie Mungu jina la mtu yule na nimweleze nataka afanywe nini. Nilikuwa nimepanga. Macho, mazao, miguu, kila kitu kwa zamu yake. Nikafungua mdomo, na sikuwa na maneno. Maisha yangu yote mimi na Mungu tumezungumza kwa kuimba. Nilifundishwa noti kwenye kwaya ya watoto kule Mdandu kabla sijajua kuandika vizuri, na kumwambia Mungu jambo zito bila tuni naona kama kwenda ofisini bila viatu. Basi nikaichukua tuni ya wimbo wetu wa mazishi, nikaitia maneno yangu kwa Kibena. Macho yake yaingie moshi. Ulezi wake uote kinyume. Nikaimba kwa nguvu, hakuna wa kunisikia ila kunguru.

Sasa wewe unajua mimi naimba sauti ya pili. Sauti ya pili peke yake haisimami. Kuna mahali unanyamaza, sauti ya nne inaingia, ndipo unaendelea. Nilipofika mahali pale nikanyamaza, kwa mazoea tu, nikamngoja baba yako aingie.

Hakuingia. Sikusikia sauti yoyote, Lwitiko, na nakuomba usije ukasimama mimbarani ukasema mama yako alisikia sauti. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na baridi na ukungu unapanda kutoka bondeni. Lakini nilikuwa nimemngoja, na katika kumngoja nikamjua kuliko nilivyomjua tangu afe. Nilimkumbuka anavyovuta pumzi kabla ya kuingia, anavyochelewa kidogo makusudi ili nimgeukie. Na furaha ikanijia. Sijui niiteje. Ilianzia chini, miguuni, ikapanda hadi nikacheka, na mdomo wangu bado umejaa laana. Nilifurahi kwamba niliimba naye miaka ile yote. Nilifurahi kwamba Mungu alikuwepo pale, nilijua yupo, na hakuwa amekunja uso kwa yale niliyokuwa nayasema. Nililia na kucheka mpaka nikakaa kwenye kisiki, na nguo zikajaa masizi.

Nilipotulia nikamalizia laana yangu, ubeti uliobaki. Nilikuwa nimeutunga vizuri, sikutaka upotee.

Hapo ndipo wahubiri wananikera. Wanasema samehe kwanza, ndipo utapata furaha. Mimi Mungu hakunisubiri. Alinikuta na hasira yangu yote akanipa vilevile, bila kunitaka niiweke chini. Nilirudi pale mara nyingi, na mara nyingi furaha haikuja, nikarudi na baridi tu. Siku nyingine inakuja, na hainiumizi kichwa kesho yake kama ile ya mnada. Kwa hilo nimezitofautisha. Na taratibu nimeona kwamba siku ikija, maneno ya laana hunipungukia. Si kwamba nimeyakataa, yananitoka tu kichwani, inabidi niyatafute. Bado huwa nayatafuta. Sijafika huko unakotaka nifike, na huenda nisifike kabla sijafa. Lakini nafurahi, mwanangu. Watu wakinisikia naimba jikoni wanadhani nimesahau. Wewe usidhani.

Kwa hiyo ukiwa makaburini na kanzu yako, ukakuta mwanamke hataki kushikwa mkono, usimharakishe. Usimwambie marehemu yuko wapi, anajua alipokuwa. Kaa naye, na kama kuna kuni za kupasua, zipasue. Furaha ikimjia itamjia na chuki yake, na wewe huna haki ya kumchagulia ipi itoke kwanza. Nimemaliza mahubiri yangu, samahani, yalinitoroka.

Sasa turudi kwa kesho. Nimefikiri tangu mchana. Nilifikiri nibaki jikoni mpaka amalize aondoke. Nilifikiri nimfungie mlango, nione mzee wa kanisa atakavyosimama nje na koti lake jeusi mbele ya majirani. Hilo lilinipendeza sana, nililitafuna muda mrefu kama muwa. Lakini kichwa kitakachowekewa mkono ni chako, na ukiondoka bila baraka kwa sababu yangu utalibeba hilo safari nzima. Basi na aje. Nitampa kiti. Nitampa chai na viazi kama wengine, na nitamtilia sukari.

Shangazi yako atakapoimbisha, na watu wakatulia, na wewe ukapiga magoti kwenye mkeka, nitasimama. Sitapiga kelele. Nitamuuliza Baba Eliya swali moja mbele ya wote: "Moto ule aliuwasha nani?" Halafu nitamngoja, hata ikibidi basi lako likuache pale stendi ya Makambako. Jingine utapanda kesho kutwa.

Akisema ni yeye, nitaushika mkono wake mwenyewe, ule ule niliokuuliza mchana, na kuuweka kichwani pako. Usidhani nitakuwa nimemsamehe. Nitakuwa nimesikia, na hicho ndicho nilichokikosa miaka yote hii.

Akisema moto hauna mwenyewe, nitampita, na nitakuwekea mikono yangu miwili, na nitakuombea mimi. Nitaomba kwa kuimba, kwa furaha yangu yote, na leo najua ninayo ya kutosha. Yeye atasimama palepale mbele ya watu wote asikilize. Alinichomea mume wangu na miti yangu, na furaha hii hakuiweza. Ni hiyo adhabu niliyomchagulia, nami sina kali kuliko hiyo.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, utaikuta alfajiri kabla watu hawajafika. Simu unayo, na namba yake unayo. Usimwambie. Ukimwonya atakuja na maneno ya kikao. Mwache aje na mdomo wake. Na ukipiga magoti, wengine wakifumba macho, wewe usifumbe, ili ukaanze kazi yako ya kusamehe ukiwa umeuona vizuri uso wa mtu unayemsamehe.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda, na ambaye kesho nitasimama.